Sampu inayoning'inia: Pima tumbo la gari la kale kabla ya kulipeleka mpakani

Na Mwandishi Wetu, Kampala

Ukisikia mlio wa chuma kikikwaruza lami chini ya miguu yako ukiwa ndani ya gari la kale, una muda mfupi sana wa kuamua. Dereva anayesimama na kuzima injini hapohapo hupoteza oili, sampu na saa kadhaa za safari. Anayejikaza mpaka kituo cha mbele hupoteza injini, na mara nyingi soko la siku hiyo pamoja na sehemu ya mtaji uliokuwa umepakiwa nyuma.

Hatari hii inawahusu zaidi wafanyabiashara wanaotegemea magari ya zamani yaliyobadilishwa injini. Chukua mfano wa pikapu ya Peugeot 504 iliyowekewa injini ya dizeli ya Toyota, au Corolla ya miaka ya 1980 iliyopewa injini kubwa kuliko ile iliyozaliwa nayo. Mwili wa gari ulichorwa kiwandani kwa vipimo vya injini moja, na injini iliyomo sasa ilichorwa kwa ajili ya gari jingine. Hakuna mhandisi wa kiwanda aliyepima umbali kati ya sampu hiyo na barabara. Kazi hiyo ilibaki kwa makanika wa mtaani, na mara nyingi haikufanywa na mtu yeyote.

Wenye magari wengi hukimbilia dawa moja: kuchomelea bati la chuma chini ya injini. Bati ni kinga nzuri, ila likifungwa vibaya linaweza kuongeza tatizo ambalo lilitakiwa kulimaliza. Makala haya yanaeleza kwa nini sampu huning'inia, namna pigo dogo linavyoua injini, na hatua za kufuata kabla ya kulipeleka gari kama hilo Busia, Malaba, Mutukula, Katuna, Mpondwe au Elegu.

Kwa nini magari haya bado yapo barabarani

Magari ya kale hayakubaki kwetu kwa mapenzi peke yake. Peugeot 504 iliunganishwa Kenya kwa miaka mingi, na mifupa yake imara iliifanya iwe gari la mizigo na abiria katika eneo zima. Datsun na Toyota za miaka ya 1970 na 1980 zilijipatia sifa hiyohiyo. Mwili ukiwa bado mzima na injini imechoka, mwenye gari hufanya hesabu rahisi: injini iliyotumika kutoka Japani hugharimu kidogo kuliko gari zima.

Sheria nazo zimechangia. Mwaka 2018 Uganda ilirekebisha Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani na kupiga marufuku uingizaji wa magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Kenya imeweka kikomo cha miaka 8 kwa magari yaliyotumika. Kwa hiyo gari la kale lililomo ndani ya nchi halibadilishwi kwa urahisi na jingine la rika lake. Anayelihitaji analitunza, na kulitunza mara nyingi ni kulihamishia injini mpya.

Kampala ina kila kitu cha kufanyia kazi hiyo. Soko la Kisekka katikati ya jiji ni kituo cha vipuri kinachojulikana hadi nje ya mipaka, kama Gerezani ya Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga ya Nairobi. Ndeeba, kwenye njia ya Masaka, ina gereji kwa safu. Katwe, kwenye njia ya Entebbe, ni nyumbani kwa mafundi wa chuma wanaokata, kukunja na kuchomelea karibu chochote anachotaka mteja. Mtu anaweza kununua injini asubuhi, akaifunga kwa siku chache na kuondoka na gari linalovuta kama jipya.

Jambo linalosahaulika katika haraka hiyo ni chombo kilicho chini kabisa ya injini.

Sampu inafanya nini

Sampu ni bakuli lililofungwa chini ya injini kwa bolti nyingi ndogo. Ndimo oili hukusanyika baada ya kuzunguka kwenye injini. Injini nyingi za silinda 4 hubeba takriban lita 4 hadi 5. Ndani ya bakuli hilo kuna mrija wenye chujio mdomoni, ambao pampu huutumia kufyonza oili na kuisukuma hadi kwenye krankishafti, beringi zake na sehemu za juu za injini.

Mdomo wa mrija huo hukaa karibu sana na sakafu ya sampu. Nafasi iliyopo kwa kawaida ni ya milimita chache, pengine sentimeta moja hivi. Huwekwa chini namna hiyo ili pampu isifyonze hewa gari linapopanda mlima au kukata kona.

Hapo ndipo ilipo siri ambayo madereva wengi hawaijui: sampu si lazima itoboke ndipo injini ife. Bati la sampu likibonyea kuelekea ndani kwa sentimeta moja tu, linaweza kuziba mdomo wa mrija. Hakuna tone litakaloanguka chini, na kijiti cha kupimia kitaonyesha oili imejaa, pengine hata kupita alama, kwa kuwa bakuli limepungua ukubwa. Lakini pampu inafyonza kwa shida. Gari hutembea vizuri mjini kwa mwendo mdogo, kisha kwenye mlima mrefu injini inapodai oili nyingi, beringi hukauka, huungua, na krankishafti huanza kugonga.

Aina ya chuma nayo ina uzito wake. Sampu ya bati la chuma hubonyea kabla ya kupasuka. Sampu ya alumini, ambayo injini nyingi za karibuni zinayo, haibonyei sana. Hupasuka ghafla na kumwaga oili yote. Kwa hiyo mtu aliyehamisha injini ya kisasa kwenda kwenye gari la kale anaweza kuwa ameondoa sampu iliyokuwa ikivumilia mapigo na kuweka isiyovumilia, bila kujua.

Inaningʼinia kwa sababu gani

Sababu ya kwanza ni umbo. Chini ya injini ya gari la kale hupita mhimili wa chuma unaoshikilia usukani na miguu ya mbele. Kiwanda kilipanga kina cha sampu kiwe mbele au nyuma ya mhimili huo. Injini ngeni inaweza kuwa na kina chake mahali palepale mhimili unapopita. Fundi hubaki na njia tatu: kuinua injini mpaka boneti ikatae kufunga, kukata mhimili, au kuisogeza injini na kuiacha ikae chini. Njia ya tatu ndiyo rahisi, na ndiyo huzaa sampu inayoning'inia.

Mara nyingi tatizo hili lingeweza kuepukwa sokoni. Injini ya familia moja hutolewa na sampu za maumbo tofauti kulingana na gari ilimofungwa. Injini za Toyota za familia ya JZ, kwa mfano, zipo zenye kina mbele, katikati na nyuma. Mnunuzi anayejua mhimili wa gari lake uko wapi anaweza kutafuta sampu inayolingana, pamoja na mrija wake wa kufyonzea, kabla ya kukata chuma chochote. Kwa anayefanya biashara ya vipuri kati ya Kampala na Goma, Bunia au Juba, hili ni soko pia: sampu na mrija wake viuzwe pamoja, kwa sababu kimoja bila kingine hakimsaidii mteja.

Sababu ya pili ni uzee. Springi zilizochoka hushusha pua ya gari kwa sentimeta kadhaa. Raba zinazoshikilia injini zikilika au kulowa oili, injini yenyewe huzama ndani ya mwili wa gari. Injini ya dizeli iliyo nzito kuliko ile ya petroli iliyotangulia huzidisha yote mawili.

Sababu ya tatu ni urembo. Vijana wanaopenda magari ya kale hukata springi ili gari likae chini, au huweka tairi zenye kuta fupi. Gari hupendeza likiwa limeegeshwa. Likianza kubeba mizigo, kila sentimeta iliyoondolewa kwa ajili ya sura hulipwa na sampu.

Barabara haikusubiri

Wakazi wa Kampala hawahitaji kusimuliwa habari za mashimo. Aprili 2023, mchora katuni na mhadhiri Jimmy Spire Ssentongo aliongoza maonyesho ya mtandaoni ambapo wananchi walituma picha za mashimo ya mitaa yao, na kelele zake zilifika hadi Ikulu. Rais Yoweri Museveni aliagiza zitolewe shilingi bilioni 6 za kukarabati barabara za jiji.

Nje ya jiji kuna matuta. Katika kila senta ya biashara kwenye njia ya Jinja au ya Masaka, gari hupanda na kushuka tuta moja baada ya jingine. Tuta lililojengwa kwa vipimo vinavyokubalika huwa na kimo cha sentimeta 7.5 hadi 10 na mteremko wa taratibu. Tuta lililojengwa kwa haraka huwa jembamba na lenye mgongo mkali, na hilo ndilo linaloua sampu.

Kuna pia njia za kuzunguka. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa ukarabati, wasafiri wa kaskazini walilazimika kutafuta njia nyingine. Gari linalomudu lami ya Gulu linaweza lisimudu changarawe ya mchepuko, hasa pale malori yanapokuwa yamechimba mifereji miwili na kuacha mgongo wa mawe katikati. Mgongo huo hupita moja kwa moja chini ya sampu.

Pima gari likiwa limebeba

Kabla ya kumwita fundi wa chuma, pima. Kipimo hiki hakihitaji kifaa zaidi ya futi ya fundi seremala na sakafu iliyo sawa.

Weka upepo sahihi kwenye tairi. Pima kutoka sakafuni hadi sehemu ya chini kabisa ya sampu gari likiwa tupu, uandike. Kisha pakia mzigo wa kawaida wa safari, keti wewe na abiria wako wa mbele, na mtu mwingine apime tena. Kipimo cha pili ndicho cha kweli, kwa sababu ndicho utakachosafiri nacho. Pima pia katikati ya gari, kwani magunia ya nyuma hushusha tumbo hata pale pua inapoonekana kuinuka.

Halafu toa sentimeta kadhaa kwa ajili ya breki. Unapokanyaga breki juu ya tuta, uzito wote hukimbilia mbele na pua huzama. Ndiyo maana madereva wenye uzoefu hupunguza mwendo kabla ya tuta, huachia breki magurudumu yanapopanda, na hushuka taratibu. Sampu nyingi hukaa nyuma kidogo ya mstari wa magurudumu ya mbele. Pigo huja pale magurudumu hayo yanapokuwa yameshashuka tuta na dereva anadhani ameshavuka.

Kipimo kikionyesha nafasi ni ndogo, anza kwa kuinua gari. Badilisha raba za injini zilizokufa. Weka springi mpya au zenye nguvu inayolingana na uzito wa injini iliyopo, na shokomzoba zinazofanya kazi. Rudisha tairi za kimo kilichokusudiwa. Mambo haya matatu yanaweza kurudisha sentimeta kadhaa, na sentimeta hizo ni kinga isiyoongeza uzito wala kuficha kitu.

Kukata sampu ni kazi ya hesabu

Hatua inayofuata, kwa gari ambalo bado liko chini, ni kupunguza kina cha sampu yenyewe. Hapa ndipo injini nyingi zimeharibiwa na nia njema.

Fundi akikata sentimeta 3 kutoka kwenye kina, ni lazima azirudishe kwa upana, kwa kuongeza mabawa pembeni. Asipofanya hivyo na mwenye gari akamwaga lita zilezile, oili itapanda hadi kwenye krankishafti, ipigwe kama maziwa na kutoa povu. Pampu itafyonza mapovu, na mapovu hayalainishi beringi. Akipunguza lita ili kuepuka povu, mlima wa kwanza utaikusanya oili upande mmoja na kuuacha mrija ukifyonza hewa.

Mrija wa kufyonzea nao ufupishwe kwa kiasi kilekile. Kuna njia rahisi ya kuhakiki: weka donge la unga uliokandwa kwenye mdomo wa mrija, funga sampu kwa bolti chache, kisha ifungue. Unene wa donge lililobanwa ndio nafasi halisi iliyopo. Ukiwa mwembamba kama karatasi, kazi haijaisha.

Baada ya kuchomelea, sampu ijaribiwe kabla ya kufungwa. Paka chaki nje ya mishono yote, mimina mafuta ya taa ndani na usubiri. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko oili na hupenya tundu dogo kabisa. Chaki italowa palipo na kasoro. Mwisho, alama za kijiti cha kupimia zichorwe upya, kwa kuwa za zamani ziliandikwa kwa bakuli ambalo halipo tena.

Bati la Katwe

Sasa tunafika kwenye kinga yenyewe. Wazo lake ni la zamani katika eneo letu. Mbio za magari zilizoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuitwa East African Safari Rally tangu 1960, zilikuwa shule ya tumbo la gari. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Datsun 240Z ilishinda 1971 na 1973, mara ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye baadaye alishinda mara nyingine nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Magari hayo yalikuwa na umbo la magari ya dukani, lakini chini yalivaa ngao. Tangu 2003 magari ya rika hilo yamekuwa yakirudi kwenye vumbi la Kenya na Tanzania katika mbio za East African Safari Classic, na ngao chini ya injini bado ni kitu cha lazima.

Somo kutoka mbio hizo ni kwamba ngao inatakiwa kuteleza juu ya kikwazo kama sleji, si kusimama mbele yake kama ukuta. Ukingo wake wa mbele hupanda juu hadi chini ya bampa, ili jiwe lisukumwe chini ya gari badala ya kukamatwa. Ukingo wa nyuma hupita sampu kabisa. Vichwa vya bolti visichomoze chini, maana tuta la kwanza litavikata.

Kwa gari la kawaida, bati la chuma la milimita 3 linatosha. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 hutoa vipande 6 vya sentimeta 80 kwa 60, kwa hiyo wenzako watano mkiungana mnaweza kugawana gharama ya shiti moja. Kila kipande kina uzito wa kilo 11 hivi. Alumini ya milimita 6 kwa ukubwa huohuo ni karibu kilo 8, lakini ni ghali zaidi na huchomelewa kwa mashine ya gesi ambayo si kila gereji inayo.

Mambo manne hayana mjadala. La kwanza, bati lifungwe kwenye chasisi au mihimili ya mwili wa gari, kamwe lisifungwe kwenye sampu wala kwenye injini. Injini hucheza juu ya raba zake. Bati lililoshikana nayo litapeleka kila pigo moja kwa moja ndani, na linaweza kung'oa sampu nzima.

La pili, iachwe nafasi ya sentimeta 2 hadi 3 kati ya bati na sampu. Bati hupinda linapopigwa, na linahitaji mahali pa kupindia. Hapa ndipo kipimo cha awali kinapolipa. Ikiwa sampu yako ilikuwa sentimeta 14 kutoka chini, bati lenye nafasi ya sentimeta 2.5 litakuwa sentimeta 11 na kidogo tu kutoka barabarani. Kinga hula nafasi ileile inayokuja kuilinda. Gari lisiloinuliwa kwanza litakuwa likigonga kila tuta, na bolti za bati zitalegea kabla mwezi haujaisha.

La tatu, hewa ipite. Injini za kale hutegemea upepo unaoingia kupitia rejeta na kutokea chini, na sampu yenyewe hupoozwa na upepo huo. Bati lililofunika kila kitu hupandisha joto, jambo utakaloliona kwenye foleni ya mpakani. Yawekwe matundu, na tundu moja lilingane na bolti ya kumwagia oili ili isilazimu kushusha bati kila wakati wa sevisi.

La nne, bati lisiguse bomba la moshi, na lisafishwe. Matambara, majani makavu na oili iliyovuja hukusanyika juu yake, na vitu hivyo karibu na bomba la moto ni kuni zinazosubiri kiberiti.

Kuna gharama moja ya bati isiyoonekana kwenye risiti: linaficha matone. Kabla ya bati, doa jeusi pale gari lilipolala lilikuambia kuna mvujo. Baada ya bati, oili hukaa juu ya chuma na wewe huoni kitu. Mwenye kinga ya sampu anapaswa kupima oili kila asubuhi ya safari.

Ukishagonga

Ukigonga kwa nguvu, simama mahali salama na uzime injini papo hapo, hata kama taa haijawaka. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haipimi kiasi cha oili. Hupima msukumo, na huwaka msukumo ukiwa umeshashuka sana. Ikiwaka ukiwa mwendoni, madhara yameshaanza. Usiwashe tena ili kusogea mita mia mbili.

Chungulia chini. Oili ikimiminika, kazi imejulikana. Kama haivuji, angalia kama sampu imebonyea chini ya mrija. Ikiwa imebonyea, ishushwe na inyooshwe kabla ya kuendelea, hata kama abiria wana haraka.

Ile mbinu ya kusugua sabuni ya mche kwenye ufa hufaa zaidi kwa tangi la mafuta. Kwenye sampu, oili ikipata moto sabuni hulainika na kuondoka. Gundi ya vipande viwili inayokauka kama chuma hushika vizuri zaidi, mradi chuma kifutwe oili na kukwaruzwa kwanza; hata hivyo ni ya kukufikisha gereji, haifai kuwa matengenezo ya kudumu. Wala usikubali sampu ichomelewe ikiwa bado kwenye gari. Mvuke wa oili unaweza kushika moto. Ishushwe, ioshwe, ndipo ichomelewe.

Gharama ya upande wa pili wa mpaka

Kwa mfanyabiashara, injini iliyokufa nje ya nchi yake ni tatizo la karatasi pia. Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambuliwa katika nchi nyingi za eneo hili, hulipia madhara utakayowasababishia wengine. Haitakununulia sampu wala injini. Na gari la kigeni huingia kwa kibali chenye siku zake; siku zikipita likiwa limelala gereji, lina maswali ya kujibu forodhani. Likikufia, nenda ofisini mapema ukaeleze kabla kibali hakijaisha.

Kadi ya gari pia hubeba namba ya chasisi na namba ya injini. Aliyebadilisha injini bila kurekebisha kadi anasafiri na gari ambalo karatasi zake zinasema kitu kingine. Nyumbani huenda hakuna anayefungua boneti. Mpakani wapo. Hifadhi risiti ya injini, rekebisha kadi, ndipo upange safari.

Ukiwa na fedha kidogo na unalazimika kuchagua, fuata utaratibu huu: raba za injini na springi kwanza, sampu inayolingana na gari pili, bati la chuma tatu. Wengi huanza na la tatu kwa sababu ndilo linaloonekana na fundi wa Katwe hulimaliza kabla ya jioni. Kipimo cha sentimeta, gari likiwa limebeba, hakilipiwi na mtu yeyote, na ndicho kitakachokuambia kama gari lako liko tayari kwa tuta la kwanza baada ya Mukono.